Matembezi ya majengo ya kale Dar es Salaam: sheria inayosomwa ukutani

Matembezi haya ya kuongozwa, yanayofanyika asubuhi za Jumamosi kuanzia Boma la Kale kwenye Barabara ya Sokoine na kuishia Mnazi Mmoja, yanauzwa kama ziara ya majengo, lakini mtu atakayelipa shilingi 30,000 akitarajia hadithi za masultani na magavana atashangaa kuona kwamba sehemu kubwa ya saa ya kwanza inatumika kueleza sheria. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kuyapendekeza. Wanaoyaendesha ni kundi la wasanifu majengo vijana, na mwongozaji tuliyempata anaijua lugha ya ofisi za mipango miji kiasi cha kuweza kuieleza kwa Kiswahili chepesi bila kuipunguzia uzito.

Kituo cha kwanza kinatosha kuonyesha ubora wake. Boma la Kale lilijengwa miaka ya 1866 na 1867, wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipokuwa akiusimamisha mji wake mpya kando ya bandari, na ndilo jengo kongwe zaidi lililobaki mjini. Mwongozaji alituweka mbele ya ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, akatutaka tupapase kwa kiganja sehemu iliyowahi kuzibwa kwa saruji, kisha tupapase chokaa iliyo pembeni yake. Saruji ilikuwa ngumu na baridi, na kandokando yake plasta ilikuwa imefura na kuanza kumeguka, kwa sababu ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa, na saruji huuzuia usitoke. Ndipo alipouliza swali lililotuacha kimya: je, ukuta huu unalindwa na sheria kwa kuwa ni wa kale?

Jibu ni kwamba umri wake peke yake hautoshi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kwa Kilwa au Kaole mstari huo unatosha, kwa kuwa misikiti na makaburi ya huko yana karne kadhaa. Kwa Dar es Salaam, ambayo Sultani Majid alianza kuijenga katika muongo huohuo wa 1860, mstari huo unauacha karibu mji wote nje ya ulinzi. Kila jengo la hapa linahitaji tangazo la Waziri ndipo lihesabiwe kuwa la kuhifadhiwa, na linalotangazwa leo linaweza kuondolewa kesho kwa njia hiyohiyo. Kinyume chake, sheria hiyohiyo inavilinda milango na fremu za mbao zilizonakshiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940, kwa hiyo inawezekana kabisa katika mtaa mmoja mlango ukawa na hifadhi na nyumba inayoushikilia isiwe nayo. Nimeishi katika mji huu muda mrefu, na sikuwahi kuelezwa jambo hilo kwa uwazi wa namna hiyo.

Kutoka hapo msafara unafuata ukingo wa bandari hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha Azania Front, makanisa mawili ya zama za Wajerumani ambayo hayana shida ya kupendwa wala ya kupigwa picha. Hapa muda ulipotea bure. Maelezo kuhusu minara, vioo vya rangi na vigae yalikuwa sahihi, lakini yanapatikana katika kijitabu chochote cha watalii, na majengo ya ibada yanayotumika kila siku na waumini wanaoyachangia hayako katika hatari iliyo sawa na ya majengo mengine. Tukapita Mnara wa Askari, uliowekwa mwaka 1927 makutano ya Samora na Azikiwe, kwa haraka inayostahili.

Matembezi yanarudi kwenye kiini chake Uhindini, katika mitaa ya Jamhuri, India na Mosque, na hapo ndipo mwongozaji anapotoa ramani ya kanda. Wajerumani walitoa kanuni ya ujenzi mwaka 1891 iliyogawa mji katika maeneo matatu: la kwanza la nyumba za mtindo wa Kizungu, la pili la majengo ya kudumu ya wafanyabiashara, na la tatu la nyumba za udongo na makuti. Waingereza waliendeleza mgawanyo huo kwa ustadi wa kutaja aina ya nyumba badala ya rangi ya mtu, Oysterbay ikawa ya wakubwa, Kariakoo na Ilala zikawa za Waafrika, na uwanda wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati kama mpaka. Kwa maneno mengine, mji huu ulijua kugawa kanda muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufikiri kwamba kanda inaweza kutumika kulinda kitu. Mipango kabambe ya 1949, 1968 na 1979 ilifuata, kila mmoja ukitengenezwa na kampuni ya kigeni.

Nini basi kingefanyika? Mwongozaji alileta mifano ambayo haikuwa ya kujionyesha. Mji wa Charleston nchini Marekani ulitunga mwaka 1931 kanuni ya kanda inayoufanya mtaa mzima wa kihistoria kuwa eneo moja la ulinzi, ambapo mwenye nyumba anayetaka kubadili sura ya nje hupeleka michoro mbele ya bodi kabla ya kupewa kibali. New York, baada ya kuvunjwa kwa stesheni yake kubwa ya treni ya Pennsylvania kuanzia mwaka 1963, ilipitisha sheria yake mwaka 1965, na ikamruhusu mwenye jengo lililohifadhiwa kuuza kwa kiwanja cha jirani haki ya ghorofa ambazo kanuni ilimpa lakini jengo lake halikuzitumia. Karibu nasi zaidi, Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985 na mpango wa hifadhi wa mwaka 1994, na ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tofauti kati ya huko na huku iko katika kinachohifadhiwa: kule ni mtaa mzima, pamoja na vichochoro, baraza na urefu wa nyumba, na huku ni jengo mojamoja, linalobaki limezungukwa na minara ya vioo hadi linapoteza maana. Jengo la Salamander pale Samora, lililokwisha kuvunjwa, lilitajwa kwa kifupi, na nadhani lilistahili zaidi.

Mtaa wa Jamhuri wenyewe ni darasa kwa anayeinua macho. Juu ya paa za maduka ya vipuri na vitambaa kuna paji la ukuta lenye jina la familia na mwaka wa kujengwa, roshani zilizopinda kwa umaridadi wa miaka ya 1930 na 1940, na chini yake nyaya, mabango na viyoyozi vinavyotiririsha maji juu ya plasta. Mwongozaji alieleza vizuri kwamba mengi ya majengo haya yalitaifishwa mwaka 1971, yakawa chini ya Msajili wa Majumba na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Kodi ilikuwa ndogo, matengenezo yakawa haba, na thamani ya ardhi chini ya nyumba ya ghorofa mbili ikapanda hadi kuizidi nyumba yenyewe mara nyingi. Jengo likiisha kuchakaa, ubia na mwekezaji wa kujenga ghorofa kumi na kitu unaonekana kuwa ndiyo akili ya kawaida, na afisa wa mipango miji anayeletewa maombi hayo hana kanda ya hifadhi ya kumkatalia nayo.

Hapo hapo palitokea kasoro kubwa ya huduma hii. Tulipokuwa tukitazama ngazi ya mbao ndani ya jengo moja, mzee mmoja mpangaji alitoka, akaamkiwa shikamoo na kundi zima, akaitika kwa upole, halafu akamwambia mwongozaji: "Karibuni sana. Lakini mwanangu, mkishamaliza kupiga picha, paa langu ataliziba nani?" Mwongozaji alicheka, akamshukuru, tukasonga mbele. Lile ndilo lililokuwa swali la siku. Ulinzi unaomkataza mwenye nyumba kuvunja bila kumsaidia kutengeneza huishia kumfanya asubiri mvua imfanyie kazi hiyo, na huduma inayojivunia kueleza sheria haiwezi kuliruka jambo la nani analipa. Mfano wa New York, ambako kuuza haki ya ghorofa kunaweza kumpa mwenye jengo fedha za matengenezo, ulikuwa tayari mkononi mwake, ila hakuuunganisha na paa la yule mzee.

Kariakoo ilipewa dakika chache tu, tukiwa tumesimama upande wa pili wa Barabara ya Bibi Titi Mohamed na kunyoosha vidole. Hili silisamehi kirahisi. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma ndiyo iliyowalea watu wengi zaidi wa mji huu kuliko roshani zote za Uhindini, nayo inatoweka kwa kasi huku kiwanja chake kikigeuka ghorofa lenye fremu za biashara chini. Hakuna bodi ya hifadhi itakayoitambua ikiwa hata wanaotufundisha kuyapenda majengo ya kale hawavuki barabara.

Mengine ni madogo. Tulichelewa kuanza, kundi lilikuwa kubwa kwa sauti ya mtu mmoja asiye na kipaza sauti katikati ya honi za bodaboda, na ramani nzuri tuliyogawiwa imeandikwa kwa Kiingereza pekee ingawa karibu wote tuliokuwepo tulikuwa Waswahili. Bei ni ya haki kwa mtu mwenye kazi, ila ni nzito kwa mwanafunzi, na sikuona punguzo lolote kwa wanafunzi. Vaa viatu vya kufunika, beba maji, na jitahidi kuwa karibu na mwongozaji mnapoingia Mtaa wa India. Kama wewe ni mwenye nyumba, mpangaji au diwani wa kata za katikati ya jiji, nenda Jumamosi ijayo, na mkifika Jamhuri muulize kuhusu paa.