Eco: gemu inayowafanya vijana wabishane kwa takwimu

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Ngamiani, Tanga, na jioni vijana wa mtaa huja kucheza. Gemu ninayotaka kuisifia ni Eco, ya kampuni ya Strange Loop Games ya Marekani, iliyoanza kuuzwa Februari 2018 kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni.

Wachezaji wote mnaingia dunia moja, misitu imejaa, wanyama tele. Kimondo kinakuja, na kwa mpangilio wa kawaida mna siku 30 halisi za kujenga mitambo ya kukilipua. Mkikurupuka, mnaiua dunia wenyewe kabla hakijafika. Ukiyeyusha chuma yanabaki masalia yenye sumu, na ukiyatupa ovyo mimea inadhoofika. Hewa chafu ikizidi, bahari inapanda. Mnyama akiwindwa mpaka wa mwisho, ndiyo basi.

Kilichonivutia hasa ni sungura. Binti mmoja wa kidato cha pili ndiye mwindaji, mpwa wangu ndiye mpishi. Mpwa akalalamika nyama imekuwa adimu. Binti akaniambia, "Shangazi, mbona wapo, nawaona kila siku!" Mpwa akafungua grafu, maana gemu inahesabu viumbe wote. Mstari wa sungura ulikuwa unaporomoka. Wakabishana mpaka adhana ya Magharibi, kila mmoja ananyooshea kidole kioo, kisha wakapiga kura: sungura wakipungua kupita kiwango walichokubaliana, kuwinda marufuku. Sijawahi kuona watoto wakigombea takwimu namna ile.

Ila hapo ndipo ninapoikosoa. Sheria ikishapita, gemu inaisimamia yenyewe: ukitaka kuwinda, inakuzuia. Sisi wa Tanga tunajua mambo hayaendi hivyo. Uvuvi wa baruti umepigwa marufuku tangu 1970, na miamba yetu imelipuliwa miaka na miaka baada ya hapo. Sheria ilikuwepo. Kazi ngumu ni kumzuia mtu unayemjua, unayesali naye, ambaye watoto wake wanasubiri kitoweo.

Kwa hiyo kuhusu miti nimewaambia wasiandike sheria yoyote ndani ya gemu, wakubaliane kwa mdomo tu: ukikata, panda. Aliyekata bila kupanda anaitwa kwenye benchi, anaulizwa na wenzake. Jioni hizo zina kelele kuliko zote, na ndizo ninazozipenda.

Gharama ni kikwazo. Kila mchezaji anatakiwa awe na nakala yake, na kompyuta iwe na kadi nzuri ya picha. Laptop za mtumba za ofisini zinakwama dunia ikishajaa majengo. Sisi tunacheza kwa Kiingereza, wadogo wanahitaji mkubwa wa kuwasomea.

Mwalimu mwenye chumba cha kompyuta aanze na watoto wanne au watano, awagawie kazi tofauti, na wakianza kugombana asiwahi kuwaamulia. Kwanza awaulize grafu inasemaje.