Nililipia majina 150, nikauziwa "sawa" za watu wenye haraka

Nyota 1 kati ya 5, na hiyo moja ni ya dada aliyepokea malalamiko yangu kwa heshima kila nilipopiga. Huduma yenyewe sioni cha kuipa.

Nina kampuni ndogo ya usafi wa maofisi. Tuko wachache, kwa hiyo mimi ndiye ninayetafuta kazi, ninayeandaa bei, na mfanyakazi akiugua nashika mopu mwenyewe. Kutafuta wateja kunanila muda kuliko kitu kingine chochote. Ndiyo maana kampuni moja ya mauzo kwa njia ya simu iliponiahidi "wateja waliokwishaonyesha nia", nilikaa nikasikiliza. Maelezo yao yalinyooka: vijana wao wanapiga simu maofisini, wanauliza maswali niliyoyapitisha mimi, na anayesema anahitaji huduma ndani ya siku 90 ndiye anayeletwa kwangu. Majina 150 kwa mafungu matatu ya 50, yangu peke yangu, hayauzwi kwa mwingine. Malipo yote yatangulie. Nililipa yote.

Fungu la kwanza lilikuja Jumatatu asubuhi, faili la Excel lililopangwa vizuri: jina, wadhifa, kampuni, namba, tarehe ya mazungumzo, maoni. Nikatenga siku nzima, nikaweka chaja karibu, nikaanza kupiga. Wa kwanza hapatikani. Wa pili alikuwa mlinzi wa getini, si meneja utawala kama ilivyoandikwa, na alinisaidia kwa moyo mmoja ingawa hakuwa na uwezo wa kuamua lolote. Wa tatu akaniambia, "Kaka, wewe ni wa nne wiki hii kunipigia habari za usafi. Nani anawagawia namba yangu?" Sikuwa na la kumjibu.

Mchana nikarudi kusoma ile safu ya maoni kwa makini. "Anahitaji bei haraka, apigiwe Alhamisi." Nikashuka chini. Sentensi ileile, mkato uleule, mara 31 kati ya majina 50. Watu 31 wasiojuana hawawezi kuhitaji bei haraka wote na kuichagua Alhamisi wote.

Nilijipa moyo kwamba fungu la pili litakuwa bora. Jina la 17 lilikuwa na maelezo yaliyonivutia: "Mkurugenzi. Amependezwa, yuko tayari kukutana." Tarehe ya mazungumzo ilikuwa wiki mbili tu nyuma. Nikapiga, akapokea mama. Nikataja jina la ninayemtafuta. Kimya. Nikasikia redio ikizimwa nyuma yake, kisha akasema taratibu, "Huyo ni mume wangu. Alifariki mwaka jana."

Nilimpa pole, nikaomba radhi, nikajaribu kueleza na maneno yakanigoma. Akanijibu kwa upole ambao sikuustahili: "Si wewe wa kwanza, mwanangu. Wiki iliyopita walipiga wawili. Laini hii siifungi kwa sababu kuna watu wake ambao bado wanatutafuta kwa namba hii."

Nikalifunga faili. Siku ile sikupiga simu nyingine.

Mtu aliandika kwamba alizungumza na marehemu na kwamba marehemu yuko tayari kukutana nami. Namba iliyokufa ningeisamehe, kwa sababu watu hubadili laini. Hili ni jambo lililotungwa, likatiwa tarehe, likauzwa.

Mkataba ulinipa haki ya kusikiliza rekodi za mazungumzo. Niliomba 20, wakatuma 6. Moja ina sekunde 41 na nimeirudia mara nyingi mno. Kijana anasoma skripti bila kupumua. Upande wa pili kuna honi na mtu anayesema, "Ndugu yangu, naendesha gari." Kijana: "Dakika moja tu bosi, je, ofisi yenu ingependa mazingira safi?" "Sawa, sawa." "Basi naweza kukutumia taarifa zetu?" "Sawa, tuma tu." Simu ikakatwa. Kwenye faili langu mtu huyo ameandikwa: "Amethibitisha hitaji. Anasubiri bei."

Kila anayezungumza Kiswahili anaijua "sawa" ile. Ni ya kuagana na mtu bila kumvunjia heshima, ndugu yake "tutaangalia" na "nitakupigia". Hakuna mfanyabiashara anayeisikia akaenda kununua vifaa. Wao wameichukua adabu ya watu, wakaipa jina la nia ya kununua, wakaiuza kwa kichwa. Kijana simlaumu sana. Yule dada aliniambia kwamba wapigaji hulipwa kwa idadi ya majina wanayofikisha kwa siku. Ukimlipa mtu hivyo, na hakuna anayesikiliza rekodi kabla jina halijatoka, atakuletea kila "sawa" atakayoiokota njiani.

Halafu kuna kuchelewa. Kwa wastani nilikuwa napokea majina siku 10 baada ya tarehe iliyoandikwa, na mengine wiki tatu. Utafiti uliochapishwa na jarida la biashara la Harvard Business Review mwaka 2011 ulionyesha kwamba kampuni zilizomtafuta mteja aliyeulizia mtandaoni ndani ya saa moja zilikuwa na nafasi karibu mara saba zaidi ya kupata mazungumzo ya maana kuliko zilizochelewa hata kwa saa moja zaidi, na zaidi ya mara 60 kuliko zilizosubiri siku nzima au zaidi. Wale walikuwa watu walioulizia wenyewe. Wangu wengi hawakuulizia chochote, na mimi ninafika wiki tatu baadaye nikisema "kama ulivyoongea na wenzangu". Watu 38 waliniambia hawajaongea na mtu yeyote. Nawaamini.

Kwa wanaotaka hesabu yote, ukiacha wale 38: namba 41 hazikupatikana au zilikuwa za watu wengine kabisa, yule mama akiwamo. Watu 27 walikumbuka kupigiwa, ila walikuwa wamekataa au wamesema tu "tuma". Waliokuwa na mkataba na kampuni nyingine, wasio na mpango wa kubadili, 19. Walinzi, wanafunzi wa mafunzo kazini na wengine wasio na mamlaka ya kuamua, 14. Majina mawili yalijirudia. Wakabaki 9 waliokubali kunisikiliza, nikapata miadi 4 na mkataba 1. Huo mkataba upo, wateja hao ni watu wazuri, na nautaja ili haki itendeke. Lakini katika muda uleule wateja wangu wa zamani waliniletea kazi mbili bila mimi kulipa chochote.

Nilipodai, nikaonyeshwa kifungu cha kubadilishiwa majina. Wanabadilisha namba isiyopatikana tu, tena uripoti ndani ya siku 7. Aliyedanganywa, aliyekataa, asiye na mamlaka, hao wote wanahesabiwa kuwa wamefikishwa. Nilibadilishiwa majina 12, na matano kati yake yalikuwa kwenye fungu la kwanza tayari. Meneja wao akaniambia tatizo ni namna ninavyofunga mauzo, yaani ninavyomfikisha mteja kwenye kukubali. Kauli hiyo iliniuma, maana hakuna ufundi wa kumfungia mauzo mtu asiyejua kwa nini unampigia.

Swali ambalo ningeomba mtu mwingine aliulize kabla ya kulipa ni la ridhaa: hawa watu walikubali lini, na kwa maneno gani, namba zao zipewe mimi? Niliuliza nikiwa nimechelewa, nikajibiwa "data yetu ni halali", basi. Jambo hili si dogo. Marekani ina orodha ya kitaifa ya wasiotaka simu za mauzo tangu mwaka 2003, kanuni za Umoja wa Ulaya za kulinda data zilianza kutumika Mei 2018, Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Mzigo haumkalii muuza orodha peke yake. Anayeitumia kupiga simu naye anaweza kuulizwa alizipata wapi zile namba, na mimi ningeulizwa nisingekuwa na karatasi ya kuonyesha.

Kama bado unafikiria kununua majina kwa mtu yeyote, ng'ang'ania fungu dogo la majaribio, 10 yanatosha, na rekodi ya kila moja kabla ya kulipia mengine. Mwandikiane kwenye mkataba maana ya "aliyeonyesha nia" kwa maneno ambayo hata mtoto ataelewa. Akikataa kukupa rekodi, ondoka.

Fungu la tatu nililikataa baada ya kulipigia nalo, na nikaomba nirudishiwe fedha yake. Wamenijibu kwa kunipa punguzo la kununua majina mengine 50. Nikawaandikia tena, safari hii nikiomba jambo moja tu: ile namba ya yule mama ifutwe kwenye orodha zao zote, na kila waliyemuuzia aarifiwe. Nikapata ujumbe kwamba ombi langu limepokelewa. Leo ni siku ya 19, na sijaambiwa kama imefutwa.