Tanzanaiti na yakuti samawi: ipi inafaa pete ya kila siku Tabora?

Kwa sonara utaonyeshwa mawe haya mawili ya bluu kwenye sinia moja, na kwa jicho la haraka ni mapacha. Kwa pete ya kuvaa kila siku hapa Tabora tunachagua yakuti bila kusita. Tanzanaiti, fahari ya Mererani, ibaki kwenye hereni na kidani.

Sababu ni vumbi. Udongo wa huku ni kichanga, na kichanga kimejaa chembe za kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 kwa kipimo cha Mohs (1 ni laini kabisa, 10 ni gumu kabisa). Tanzanaiti ina 6 hadi 7, yakuti ina 9. Ukifuta pete ya tanzanaiti kwa kanga kavu unaipiga msasa: kona za mkato huanza kulika, kisha uso wa juu unaingia ukungu usiotoka kwa kuosha. Isuuze kwanza, halafu tumia maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini. Jambo la pili ni kupasuka. Tanzanaiti ina uelekeo mmoja ambao hupasuka kirahisi, kama gogo linavyofuata uzi wake, hivyo pigo moja kwenye bomba la kisima linaweza kuimaliza. Yakuti haina mpasuko wa namna hiyo.

Kuyatofautisha, anza na macho. Zungusha jiwe juu ya karatasi nyeupe mchana: tanzanaiti hugeuka kutoka bluu kwenda zambarau, na chini ya balbu ya mwanga wa manjano zambarau huzidi. Kioo cha rangi hakigeuki.

Kisha pima kwa maji. Chukua mizani ya kusoma gramu 0.01, pima jiwe likiwa kavu, halafu liondoe, weka juu ya mizani kikombe kidogo cha maji na uirudishe sifuri. Ning'iniza jiwe kwa uzi mwembamba lizame lote bila kugusa chini wala kando. Jiwe la karati 4, yaani gramu 0.80, litasoma 0.20 likiwa yakuti na 0.24 likiwa tanzanaiti. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo: yakuti hutoa 4.0, tanzanaiti kama 3.3. Povu la hewa likishika jiwe, namba hupanda na yakuti huonekana tanzanaiti. Tone la sabuni majini huliondoa. Kwa karati 1 usijisumbue, tofauti ni 0.05 na 0.06, mizani haina uwezo huo. Wala kipimo hiki hakikamati yakuti ya maabara, kwani uzito wake ni uleule. Hiyo itafutwe kwa lenzi ya mara 10: mistari ya ndani iliyopinda, au viputo vya hewa.

Uzito huohuo unagusa mfuko, kwani unalipia karati, si ukubwa. Kwa karati zilezile, yakuti ina ujazo mdogo kwa karibu asilimia 16, kwa hiyo usishangae ikionekana ndogo kidoleni.

Pete ikihitaji kuchomelewa, jiwe litolewe kwanza, lolote kati ya haya mawili. Moto wa ghafla hupasua tanzanaiti. Yakuti huvumilia joto zaidi, lakini boraksi ya kuchomelea hula uso wake, na sonara mwenye haraka atakuambia yakuti haidhuriki.