Makumbusho ya mauaji ya kimbari ya 1994, Gisozi, Kigali: usiipite haraka sehemu ya ukoloni

Kiingilio ni bure. Kifaa cha maelezo ya sauti hulipiwa, na kinastahili. Maandishi ukutani ni ya Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa tu. Kwa majirani wanaosoma Kiswahili hilo ni pengo kubwa.

Wengi hukimbilia picha za 1994 na kuukosa mzizi wenyewe. Simama kwenye vitambulisho vya miaka ya 1930: Wabelgiji waliandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na tabaka ambalo mtu aliweza kuhama likawa kabila la kurithi kwa baba. Kadi za namna hiyo ndizo zilizokaguliwa vizuizini mwaka 1994, na neno moja, Mtutsi, likatosha kumuua mtu. Maelezo kuhusu RTLM, redio iliyochochea mauaji hayo, nayo yamepangwa vizuri.

Chumba cha watoto kiko juu, nacho ni kizito mno: picha, chakula alichokipenda mtoto, jinsi alivyouawa. Wadogo wasiingizwe.

Makaburi ya pamoja, yenye zaidi ya watu 250,000, yaache mwisho. Epuka asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii, pamefungwa.