Semina ya Makocha wa Jimnastiki: Vikombe Saba kwa Shilingi 3,500

Jumamosi iliyopita nilihudhuria semina ya siku moja ya makocha wa jimnastiki katika ukumbi mmoja ulio karibu na Barabara ya Ngong, hapa Nairobi, kwa ada ya shilingi 3,500 iliyojumuisha chai ya saa nne na chakula cha mchana. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya wasichana, na kilichonivuta ni mada yenyewe: kazi ya Valorie Kondos Field, Mmarekani aliyeifundisha timu ya wanawake ya UCLA, chuo kikuu cha mjini Los Angeles, hadi ikatwaa ubingwa wa vyuo mara 7.

Mkufunzi alianza vizuri. Alitueleza kwamba mama huyu hakuwahi kuwa mwanajimnastiki. Alikuwa mcheza baleti, akaingia UCLA mwanzoni mwa miaka ya 1980 kama msaidizi wa kuwatungia wasichana miondoko ya sakafuni, kisha akakabidhiwa timu nzima kuanzia msimu wa 1991, ingawa yeye mwenyewe hakuweza kumwonyesha mtu namna ya kupinduka juu ya boriti, ule mhimili mwembamba ulioinuliwa ambao wanajimnastiki huchezea juu yake. Hapo ukumbi ulitulia. Wengi wetu tumetoka kwenye sarakasi au ngoma, tumejifunzia pindu kwenye magodoro yaliyochakaa, na tumezoea kuulizwa vyeti vyetu viko wapi. Kwa saa hiyo moja sina dai lolote.

Baada ya chai mambo yakaenda mbio. Ubingwa wa 1997, 2000, 2001, 2003, 2004 na 2010 ulipita ukutani picha baada ya picha, na ni ule wa 2018 tu uliopewa nafasi yake: mjini St. Louis, UCLA iliipiku Oklahoma kwa alama 198.075 dhidi ya 198.0375, baada ya Peng-Peng Lee, aliyekuwa wa mwisho kupanda boriti, kupata 10 kamili. Mkufunzi alisimulia kama mtangazaji wa mpira redioni, nasi tukapiga makofi kana kwamba matokeo tumeyapata wakati huohuo. Tulitazama pia onyesho la sakafuni la Katelyn Ohashi wa UCLA la Januari 2019, lile lililozunguka dunia nzima miezi michache kabla kocha wake hajastaafu.

Kilichorukwa ndicho nilichokuwa nimekifuata. Katika miaka yake ya mwanzo Kondos Field aliiga ukali wa makocha aliowaona wakishinda, akawa mtu wa kejeli na majivuno, hata wachezaji wake wakamwitisha kikao na kumweleza kwa muda wa saa mbili jinsi alivyokuwa akiwaumiza. Alibadilika, na katika kubadilika huko alijifunza mengi kwa John Wooden, kocha mashuhuri wa mpira wa kikapu wa chuo hichohicho, aliyeyapima mafanikio kwa juhudi ya mtu wala si kwa matokeo ya ubaoni. Mkufunzi aliyagusa haya kwa sentensi mbili, akatazama saa, akasema twende kwenye vitendo.

Kwa vitendo, tulibandika sakafuni vipande viwili vya utepe vilivyoachana kwa sentimita 10, urefu wa mita 5, kwa kuwa ndivyo vipimo vya boriti. Binti mmoja, mwanafunzi wa ualimu, alikanyaga nje ya mstari katika hatua ya tatu. "Rudia!" mkufunzi akafoka, naye akarudia, akakosea tena, akafokewa tena, mara sita au saba, hadi akawa anatembea huku akitazama vidole vyake tu. Mwenzangu aliyeketi kando yangu alininong'oneza, "Mwalimu, huyu naye tumwitishie kikao."

Pilau ilikuwa nzuri na ya kutosha. Vipaza sauti vilikwaruza mchana kutwa, na cheti changu kina herufi moja ya ziada katika jina la baba yangu.

Kocha anayeanza, hasa aliyetokea kwenye ngoma, aende, walau kwa kipindi cha asubuhi. Nami nimewaandikia waandaaji nikiomba semina ya pili itakayoanzia kwenye kile kikao cha saa mbili. Wamenijibu kwamba watalifikiria, na kwamba ada itakuwa shilingi 4,000.