Uzoefu wangu na Common App: barua za walimu kwanza, insha baadaye

Nimeutumia mfumo wa Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, kwa pande zote mbili, kwenye skrini ya mwanafunzi anayeomba chuo na kwenye skrini ya mshauri wa shule anayetuma nyaraka. Naupendekeza bila kusita kwa yeyote anayeomba vyuo vinne au vitano vya Marekani kwa mpigo. Ulianza mwaka 1975 ukiwa na vyuo 15, leo vimepita 1,000. Akaunti ni bure, taarifa zako unazijaza mara moja, na unaweza kuweka hadi vyuo 20 kwenye orodha yako.

Sharti langu ni moja tu: usiujaze kwa mpangilio unaouona. Mwanafunzi akifungua fomu huanza na yale yaliyo mkononi mwake, yaani jina, anwani, shughuli na insha. Maombi mengi ninayoyaona yakikwama hayakwami hapo. Hukwama kwenye barua za walimu za kumpendekeza mwanafunzi na ripoti ya shule, vitu ambavyo hata ukikesha huwezi kuviharakisha.

Kwa hiyo siku ya kwanza fanya haya. Jaza shule yako kwenye sehemu ya elimu, kisha ongeza angalau chuo kimoja kwenye orodha. Bila hatua hizo mbili, ukurasa wa wapendekezaji haukupeleki popote, na wengi hudhani mfumo umeharibika. Ukishaongeza chuo, utaulizwa kuhusu FERPA, sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inayompa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake. Swali lenyewe ni kama unaachia haki ya kuzisoma barua za mapendekezo baada ya kudahiliwa. Ushauri wangu ni kuiachia: barua ambayo mwanafunzi hatarajii kuisoma hupokelewa kwa uzito zaidi, na walimu wengine hukataa kuandika usipoiachia. Amua kwa utulivu, maana barua zikishaanza kutumwa hubadilishi tena.

Baada ya hapo kuna hatua mbili ambazo watu huzichanganya. Kumwalika mwalimu ni kitu kimoja, kumpangia chuo ni kitu kingine. Mwalimu anaweza kuwa amekubali, ameandika na ameituma barua yake, lakini kama hukumpangia chuo fulani, chuo hicho hakitaipata kamwe. Fungua kila chuo, kimoja kimoja, uhakikishe jina la mwalimu limeonekana pale. Mshauri wa shule hahitaji kupangiwa. Nyaraka zake huenda vyuo vyote vilivyo kwenye orodha. Kama shule yenu hutuma nyaraka kupitia mfumo mwingine kama Naviance, usimwalike mwalimu kupitia Common App. Fuata utaratibu wa shule, la sivyo mwalimu atapata maombi mawili na asijue ajibu lipi.

Mpe mwalimu wiki nne kwa uchache, na usimpe mwaliko mtupu. Mpelekee ukurasa mmoja: kazi mbili ulizofanya darasani kwake, jambo lililokushinda kwanza ukalimudu baadaye, fani unayoomba na tarehe ya mwisho. Mwalimu huandika barua moja tu, nayo ndiyo inayokwenda vyuo vyote, kwa hiyo usimwombe ataje chuo kwa jina.

Barua pepe: tumia ya kwako binafsi, si ya shule. Za shule hufungwa baada ya kuhitimu, na baadhi huzuia ujumbe kutoka nje. Jina liwe lilelile lililoko kwenye pasipoti na kwenye mtihani wa SAT au ACT, herufi kwa herufi. Chuo huoanisha nyaraka kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Ukiandika majina mawili huku na matatu kule, utaambiwa matokeo yako hayajafika ilhali yamefika zamani.

Sasa shughuli, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Una nafasi 10. Cheo kina herufi 50, jina la taasisi herufi 100, maelezo herufi 150, na nafasi kati ya maneno zinahesabiwa. Fomu hujazwa kwa Kiingereza, ila tatizo linaonekana vizuri hata kwa Kiswahili. Wengi huandika hivi: “Nilikuwa mwanachama wa klabu ya mazingira ambapo nilijifunza umuhimu wa kutunza mazingira na kushirikiana na wenzangu”. Hizo ni herufi 117, na msomaji hajajua ulifanya nini. Linganisha na hii: “Niliongoza wanafunzi 14 kupanda miti 320, nilipanga zamu za kumwagilia, miti 270 ilikuwa hai baada ya mwaka mmoja”. Hizi ni 113. Zimepungua nne, na sasa kuna watu, kazi, hesabu na matokeo. Jina la klabu halimo kwa sababu lina kisanduku chake, usilirudie.

Kila shughuli inaulizwa saa kwa wiki na wiki kwa mwaka. Zijumlishe kabla ya kutuma. Wiki ina saa 168. Mtu aliyeandika saa 20 kwa shughuli zote 10 ametangaza saa 200, na hata asiyefika huko huweza kujumlisha saa zisizolingana na mtu anayesoma na kulala. Kulea wadogo zako, kuuza bidhaa katika duka la familia au kumtunza mgonjwa nyumbani ni shughuli halali na zina kundi lake kwenye orodha. Wanafunzi wengi huziacha kwa kuona aibu, na hilo hunisikitisha, maana mara nyingi ndizo zinazoeleza kwa nini mtu hakuwa na muda wa klabu. Panga orodha kwa uzito wake kwako, cha kwanza kiwe kile ambacho usingependa msomaji akikose.

Insha kuu ina maneno 250 hadi 650, na unachagua mada moja kati ya saba, ya mwisho ikiwa huru. Iandike nje ya mfumo, kisha ibandike na uhakiki mgawanyo wa aya. Insha hiyohiyo huenda kwa kila chuo kinachoitaka, kwa hiyo jina la chuo chochote lisionekane ndani yake. Ukishatuma kwa chuo cha kwanza bado unaweza kuihariri kwa vyuo vinavyofuata.

Ukianza mapema, kwa mfano mwezi Juni, jaza sehemu za pamoja tu. Mfumo hufanyiwa mabadiliko ya mwaka na kufunguliwa tarehe 1 Agosti. Wasifu, elimu na shughuli hubaki, lakini majibu ya maswali ya kila chuo pamoja na mialiko ya walimu hufutika.

Maswali ya vyuo yenyewe yana mtego. Mengine hayaonekani mpaka uchague fani au aina ya maombi. Mtu huona chuo hakina insha ya ziada, anajipanga hivyo, kisha usiku wa mwisho anachagua uhandisi na insha mbili zinajitokeza. Chagua fani mapema kwa kila chuo, hata kama utaibadilisha, ili maswali yote yajitokeze. Vyuo vingine vina sehemu ya insha inayotumwa kando na maombi yenyewe, kwa kitufe chake. Maombi yameenda, insha imebaki. Angalia alama ya kukamilika kwenye sehemu zote mbili.

Kutuma kuna hatua tatu: kuipitia PDF, kulipa ada au kuthibitisha msamaha wa ada, kisha kusaini. PDF isome yote, ikiwezekana na mtu mwingine pembeni, kwa sababu sehemu za pamoja na majibu ya chuo hicho ukishayatuma huyarudishi. Mwisho ni saa 5:59 usiku kwa saa za ulipo wewe, si za chuo kilipo. Hata hivyo jiwekee siku mbili kabla, maana kadi ya malipo hukataa siku mbaya. Msamaha wa ada uombe kwenye wasifu. Mshauri wako ataombwa kuuthibitisha, na vipo vyuo visivyotoza ada kabisa.

Early Decision, mpango wa kuomba mapema, isikuponyoke mkononi kwa kubofya tu. Ni ahadi: unaomba chuo kimoja kwa mpango huo, na wewe, mzazi au mlezi na mshauri mnasaini kwamba ukikubaliwa utakwenda na kwingine utaondoa maombi. Early Action, mpango mwingine wa kuomba mapema, haikufungi. Tarehe nyingi za mipango hii ni 1 au 15 Novemba.

Usiutarajie mfumo huu ukuombee fedha. FAFSA na CSS Profile, fomu za kuomba msaada wa fedha za masomo, hujazwa kwingine, kila moja na tarehe zake. Vyuo vya University of California na MIT pia vina fomu zao wenyewe, na Uingereza hutumia mfumo wake, UCAS.

Majibu nayo hayaji ndani ya Common App. Siku chache baada ya kutuma, kila chuo hukuandikia barua pepe yenye njia ya kuingia kwenye ukurasa wake, na humo ndimo utaona kama barua ya mwalimu imefika. Angalia pia folda ya barua taka (spam). Chuo kikisema kuna nyaraka inayokosekana, subiri wiki moja kwanza, maana kuoanisha huchukua muda. Ikiwa bado haipo, mwombe mshauri aitume tena, kisha umkumbushe ripoti ya katikati ya mwaka, ambayo hutumwa matokeo ya muhula wa kwanza yakitoka.