Kutafuta maombezi ya Kristo kwenye Biblia ya simu: panapofaa na panapokwama

Programu za simu zenye Biblia ya Union Version, ile ya mwaka 1952, ni nzuri kwa kusoma sura moja moja. Kwa somo la maombezi ya Kristo, linalopimwa ni kisanduku cha kutafutia, na hicho nakipa nusu ya alama.

Andika "ombea". Utapata Warumi 8:34, "tena ndiye anayetuombea", na Luka 22:32, Yesu anapomwambia Simoni kwamba amemwombea ili imani yake isitindike. Isaya 53:12 nayo itatokea. Iandike pembeni mapema, maana ukichuja kwa Agano Jipya itapotea. Lakini Waebrania 7:25, mstari uliobeba somo zima, hautoki, maana pale pameandikwa "awaombee". Punguza herufi hadi "ombe" ndipo uje, pamoja na Mwombezi wa 1 Yohana 2:1. Tatizo ni kwamba utaletewa na ng'ombe wote wa Mambo ya Walawi! Chuja kwa Agano Jipya: ng'ombe wachache watabaki (wa Luka 14:5 yumo), ila orodha itasomeka. Kama programu yako hutafuta neno zima tu, vipande hivi havitaleta kitu. Andika kila umbo peke yake: anayetuombea, awaombee, nawaombea, hutuombea. Hilo la mwisho ni la Roho, Warumi 8:26, kwa hiyo usilichanganye na la Kristo aliye mkono wa kuume.

Kasoro kubwa ni kuonyeshwa mstari mmoja uliokatwa. Yohana 16:26 itakuja na maneno "siwaambii ya kwamba mimi nitawaombea kwa Baba", na msomaji wa haraka ataona Yesu anakataa kazi yake. Gusa mstari, ufungue sura: aya ya 27 inatoa sababu, "kwa maana Baba mwenyewe awapenda". Asiyeifikia hiyo hubaki na picha ya Mwana anayembembeleza Baba mgumu, na ndiyo picha potofu iliyoenea kuliko zote.

Kuna mengine ambayo kisanduku hakitayaona kamwe. Waebrania 9:24 haina neno la kuomba. Inasema tu Kristo aliingia mbinguni "aonekane sasa usoni pa Mungu kwa ajili yetu". Mzizi wake uko Kutoka 28: kuhani mkuu alibeba majina ya makabila ya Israeli mabegani, sita kwenye kila kito cha shohamu, na tena kifuani kwenye vito 12. Kuingia kwake na majina hayo kulikuwa huduma tayari, hata kabla hajatamka neno. Tofauti ya kuhani huyo na Kristo iko Waebrania 10:12: Kristo ametoa dhabihu moja, kisha ameketi.

Kwa hiyo tafuta kwanza, halafu funga kisanduku usome Kutoka 28, Walawi 16, kisha Waebrania 7 hadi 10 bila kuruka. Tafsiri ya Biblia Habari Njema ni nyepesi zaidi kwa sura hizo ndefu, hasa kwenye kioo kidogo.